Ndoo Ambayo Magige Hakuinusa

Kampuni ya Maziwa ilimwajiri Magige Wanzagi mwaka 1966 kwa sababu ya pua yake. Vifaa vingine vya kupimia vilikuwapo. Kulikuwa na kioo chembamba kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha kama yametiwa maji, na kulikuwa na spiriti, ambayo ikichanganywa na maziwa yaliyoanza kuharibika huyafanya yagande papo hapo. Lakini kioo huvunjika na spiriti huisha. Mwalimu aliyeendesha mafunzo ya wiki tatu mjini Musoma, katika banda nyuma ya kiwanda, aliwapangia wanafunzi wake kumi na wawili vikombe ishirini mezani, akawafunga vitambaa machoni na kuwataka waseme kila kikombe kina nini. Magige alikosea kimoja. Aliyemfuatia alikosea saba.

Alikuwa na miaka thelathini na moja wakati huo, na alikulia kwenye maziwa. Enzi za ukoloni baba yake alizungusha mashine ya krimu kwa mfanyabiashara mmoja wa Bunda, wakati maziwa ya sehemu zile yalipogeuzwa samli, yakajazwa kwenye madebe na kusafirishwa mbali. Baada ya Uhuru biashara ile ilififia. Kampuni ikaja na mpango mwingine: maziwa mabichi yakusanywe vijijini kila asubuhi, yapelekwe Musoma kwa lori, yachemshwe kiwandani na kuuzwa hospitalini, shuleni na katika nyumba za wafanyakazi kule Mukendo. Lilipotoka Azimio la Arusha, Serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa na bango la getini likapakwa rangi upya. Kwa Magige kilichobadilika ni barua za ofisini. Zilianza kumwita Ndugu.

Kituo alichopewa kilikuwa upande wa Butiama: kibanda cha matofali mabichi, jukwaa la saruji, na keni nne za lita hamsini hamsini. Kazi yenyewe ilikuwa fupi na kali. Akina mama walipanga mstari kabla jua halijapanda. Magige alifunua kila chombo, akainama, akanusa, akatumbukiza kioo, kisha akamimina kwenye keni au akarudisha. Kanuni ya Kampuni ilitaka kila chombo kipimwe mbele ya mwenyewe, na ni mpimaji peke yake aliyeruhusiwa kukifunua.

Mwaka wa kwanza alirudisha zaidi kuliko alivyopokea. Wanawake wa kule walihifadhi maziwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa kwa kaa la moto la mti maalumu, na kwao harufu ile ya moshi ilikuwa ndiyo usafi wenyewe. Kampuni haikuitaka. Chombo cha kwanza kabisa kurudishwa pale kilikuwa kibuyu cha mama yake mzazi. Alikinusa, akakifunika, akamwambia, "Mama, moshi." Mama yake alikaa siku tatu bila kuzungumza naye, halafu akanunua ndoo ya bati. Wengine wakamfuata. Watu wakaanza kumwita Bwana Pua, mwanzo kwa hasira, baadaye kwa kujivunia, maana kwa miaka minane hakuna keni hata moja ya kituo chake iliyokataliwa kiwandani.

Mke wake aliitwa Jeska, na mama yake Jeska aliitwa Nyangeta, jina ambalo Magige hakuwahi kulitamka. Kwa watu wao, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawali mahali pamoja, hawaitani kwa majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki. Ni heshima, na heshima ya namna hiyo huhitaji umbali, ndiyo maana mtu aliyeoa hajengi karibu na ukweni. Kati ya mji wa Magige na mji wa Nyangeta kulikuwa na vilima viwili na mto wa msimu, mwendo wa saa nne. Katika miaka kumi na minne ya ndoa alikuwa ameisikia sauti ya mama mkwe wake mara chache, kutoka upande wa pili wa ukuta. Uso wake hakuujua vizuri.

Agosti 1974 operesheni ya vijiji ilifika. Mapaa yaliteremshwa, watu na kuku wakapakiwa kwenye malori, ng'ombe wakaswagwa kwa miguu. Kijiji kipya kiliitwa Muungano. Kilikuwa na safu kumi za nyumba zilizonyooka kama mistari ya daftari, na kituo cha maziwa kikawekwa katikati yake. Afisa aliyegawa viwanja alikuwa na orodha ya majina na siku mbili za kumaliza kazi. Hakuuliza nani mkwe wa nani. Nyangeta, mjane wa miaka sitini na kitu, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na wajukuu watatu, alipewa kiwanja katika safu ya tatu. Magige alikuwa safu hiyohiyo, nyumba ya tano kutoka pale.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Burito, kuomba mama yule ahamishiwe safu nyingine. Burito alimsikiliza akitabasamu. Alimwambia kwamba mambo ya kujificha majanini yameachwa kule mlimani, na kwamba yeye, kama mtumishi wa Kampuni, alipaswa kuwa mfano.

"Hapa hakuna wakwe, Ndugu Magige," alisema. "Kuna wanakijiji."

Mama mkwe wa Burito mwenyewe alikuwa safu ya kumi, mwisho kabisa, karibu na josho. Kila mtu aliliona hilo na hakuna aliyelisema.

Wakajifunza kuishi hivyo. Magige alikohoa kabla ya kutoka nje. Nyangeta alikwenda kisimani kwa kuzungukia nyuma ya nyumba. Maziwa yake yaliletwa na Jeska, pamoja na ya kwake, na Magige aliyapima kama ya mkewe. Kisha kijiji kilianzisha shamba la pamoja la pamba na wanawake wenye nguvu wakapangwa kwa zamu kuondoka alfajiri. Jeska aliangukia kundi la kwanza. Vikongwe walisamehewa shamba. Asubuhi moja ya Novemba Nyangeta alitokea mwenyewe kwenye mstari, amejitanda kanga mpaka kwenye nyusi, ndoo mkononi.

Zamu yake ilipofika aliiweka ndoo ukingoni mwa jukwaa, akageuka, akaenda kusimama nyuma ya kibanda. Magige aliitazama ile ndoo. Kufunua chombo cha mama mkwe na kukiingiza pua mbele za watu ni kutangaza kwamba jiko lake linatiliwa shaka, jiko lililomlea mke wako. Aliinyanyua, akageuzia uso pembeni, akafunua mfuniko kwa kidole gumba na kumimina yote kwenye keni kwa mkupuo mmoja. Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona jambo gumu likimalizwa vizuri. Kuanzia siku ile ndivyo ilivyokuwa.

Alijipa sababu. Ni lita nne tu ndani ya hamsini. Mama yule alisifika kwa usafi hata na watu wasiompenda. Na akitaka, bado angeweza kuipima keni nzima kwa spiriti. Lakini Januari spiriti haikuja, na Februari dereva wa lori, Jilala, Msukuma aliyependa utani, alimwambia kwamba kiwandani kwenyewe wanaipima kwa kijiko.

"Tumia pua, Bwana Pua," alisema akipandisha keni. "Hiyo haijawekewa mgawo."

Masika ya mwaka 1975 yalikuwa mazito. Zizi la kijiji lilikuwa moja kwa ng'ombe wote, na tope lake lilifika magotini mwa ndama. Katikati ya Machi keni moja ya Muungano ilirudi kutoka Musoma imejaa, na kikaratasi kimefungwa shingoni kwa waya: yamekatika. Magige alidhani ni lori, maana lilikwama barabarani kwa saa tatu. Wiki ileile ikarudi ya pili. Siku hiyo lori halikukwama.

Sasa alinusa mpaka macho yakamtoka machozi. Alirudisha ndoo iliyokuwa na jani, akarudisha iliyokuwa na uvuguvugu mno, akarudisha ya Selestina, mwanamke aliyekuwa akimsomesha bintiye Nyegina kwa maziwa yale, wala hakuweza kumweleza ina kosa gani. Selestina hakuondoka. Alishika kiuno.

"Yangu unaiingiza pua mpaka masikio," alisema. "Zipo nyingine unazipita umeinamisha kichwa kama unapita mbele ya altare. Pua gani hiyo inayochagua?"

Nyuma ya kibanda ncha ya kanga ya Nyangeta ilionekana, kisha haikuonekana.

Barua ilikuja Jumatatu, imetiwa sahihi na Pastory, msimamizi wa vituo. Ilikuwa na mistari mitano. Keni ya tatu ikikataliwa, kituo cha Muungano kitafungwa na vifaa vitarudishwa Musoma. Burito aliisoma mbele ya mkutano wa wakuu wa safu na kuwakumbusha kwamba hakukuwa na mnunuzi mwingine wa maziwa mpaka Bunda.

Siku hiyo mchana Magige alimwomba mke wake aende kwa mama yake. Walikuwa wameketi mlangoni, Jeska akipukuchua mahindi. Hakuinua kichwa.

"Nikamwambie nini? Kwamba mume wangu anasema maziwa yako yanaoza?"

"Muulize habari za ng'ombe. Muulize tu kama ng'ombe ni wazima."

"Wewe ndiye mpimaji."

"Jeska."

Alikwenda. Alirudi upesi. Mama alisema wazima, alieleza, na mazungumzo yaliishia hapo. Baadaye sana ilijulikana kwamba aliuliza akiwa amesimama nje, kati ya salamu na kuaga, kama mtu anayeulizia hali ya mvua, na kwamba mama yake alijibu vivyo hivyo, kwa sababu mtoto hamhoji mzazi kuhusu kiwele cha ng'ombe wake na mzazi hamfungulii mtoto aibu ya zizi lake.

Asubuhi iliyofuata Magige alikuwa na nafasi, na alijua kwamba ndiyo ya mwisho. Alikwisha kulifikiria jambo hilo kwa kila upande. Angeweza kuimwaga ndoo ile nyasini baada ya mwenyewe kugeuka, lakini mstari mzima ungeona, na kumwaga maziwa ya mama mkwe ni kubaya zaidi kuliko kuyanusa. Angeweza kumwomba mwanamke mwingine ainuse, ila kwanza angelazimika kusema kwa nini. Angeweza kuinusa mwenyewe. Ingechukua muda wa kuvuta pumzi moja.

Nyangeta aliiweka ndoo, akaenda nyuma ya kibanda. Magige aliinyanyua na kuishika kifuani. Wanawake hawakumtazama; walitazama chini, wakimwachia nafasi, na hilo ndilo lililomshinda. Hata Selestina aligeukia barabarani. Magige alisimama na ndoo ile muda mrefu kiasi kwamba ndama alianza kulia zizini na kunyamaza. Halafu akageuza uso pembeni kama siku zote, akamimina.

Keni hiyo haikurudi. Kiwandani iliwapita wapokeaji, ikamiminwa kwenye tangi pamoja na za vituo vingine, na moto ulipopanda tangi zima likakatika. Hospitali ilikosa maziwa siku mbili.

Pastory alifika kwa Landrova Alhamisi. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Mkutano uliitishwa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Aliuliza ni ndoo ya nani. Wote walijua. Burito alikuwa akitazama karatasi zake.

Magige alisimama. "Ni uzembe wangu," alisema. "Sikupima."

"Hukupima ndoo ipi?"

"Sikupima."

Pastory aliandika. Alikuwa bado anaandika Nyangeta aliposimama upande wa wanawake, akateremsha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani, na kumgeukia mume wa mwanawe uso kwa uso. Kwa wengi waliokuwapo, hilo ndilo lililobaki kumbukumbuni kuliko mengine yote ya siku ile. Wazee wawili waliinuka na kuondoka, kama watu waliomkuta mtu anaoga.

"Yalikuwa yangu," alisema. "Ng'ombe wangu amevimba kiwele tangu mwezi uliopita. Maziwa yanatoka na nyuzinyuzi, nazichuja kwa kitambaa, naleta. Nilikuwaga nasema moyoni, mpimaji yupo. Yakiwa mabaya atayarudisha. Hakuyarudisha. Nikajua ni mazuri. Nikawapa na wajukuu."

"Sasa mama, mbona hukumuuliza?" aliuliza Pastory.

"Nimuulize nani, mwanangu? Huyu?"

Alinyoosha mkono kumwelekea Magige, ambaye alikuwa anatazama udongo kati ya miguu yake na hakuinua macho. Pastory alisubiri mtu amweleze. Burito angeweza kumweleza, lakini maelezo hayo yangeanzia kwenye kiwanja cha safu ya tatu na ombi alilolicheka. Alizipanga upya karatasi zake. Pastory aliandika: uzembe wa mpimaji, udanganyifu wa muuzaji. Keni nne zilipakiwa jioni ileile.

Muungano ilibaki na maziwa yake. Vibuyu viliteremshwa kutoka darini na kufukizwa tena. Waliokuwa na nguvu walipeleka mgando Bunda siku za gulio, wengine waliwaachia ndama wanyonye mpaka basi. Binti wa Selestina alirudi kutoka Nyegina kabla ya mwaka kwisha, na mama yake hakumsalimu Magige tena. Magige mwenyewe hakufukuzwa. Kampuni ilimpeleka Musoma, chumba cha kuoshea keni, na huko alikaa mpaka alipostaafu, miaka ambayo malori yalipungua na kiwanda kikazoea kukoroga maziwa ya unga kutoka kwenye magunia. Unga ule haukuhitaji kunuswa na mtu.

Nyangeta alirudi kwenye mahame yake mlimani na ng'ombe mmoja. Yule mgonjwa alichinjwa. Mgambo walimrudisha kijijini mara mbili. Mara ya tatu walimwacha. Wajukuu alimwachia Jeska. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua kwa maziwa yale.

Krismasi ya mwaka ule Magige alipata likizo. Jeska alikuwa ametoka kwa mama yake siku moja kabla, na alikuja na swali. Alilisema taratibu, wakiwa peke yao, baada ya kumwekea mumewe chakula. Mama anauliza, kama ungeyanusa, ungejua?

Magige alinawa mikono akakaa bila kula. Maziwa ya kiwele kilichovimba yana chumvi ndani ya harufu yake, na chini ya chumvi kuna kitu kama chuma kilicholowa. Alikuwa ameyatambua kwa wanawake wengine mara zisizohesabika.

"Angejua hata asiye na pua," alisema. Kisha akaongeza, "Mwambie nisingejua."

Jeska alisafiri tena mpaka mlimani na kufikisha ujumbe kama alivyotumwa. Mama yake alikuwa anakamua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi, akaiweka ndoo pembeni, akauliza, kama ni hivyo, Kampuni ilimpa kazi ile ya nini.